Kamera ya joto haigusi umeme, ila wewe umefungua paneli

Hatari ya kupima paneli kwa kamera ya joto iko kwenye mfuniko. Kamera haioni kupitia chuma, kioo wala plastiki angavu inayokinga basiba (pau za chuma zinazogawa umeme ndani ya paneli), hivyo mfuniko lazima utoke huku mzigo, yaani vifaa vinavyotumia umeme, ukitembea. Mkondo ukiwa nusu, lagi (kishikio cha chuma mwishoni mwa waya) iliyolegea hutoa robo tu ya joto lake. Chini ya asilimia 40 ya mzigo utasifia paneli mbovu. Kwenye viwanda vya samaki vya Mwanza, subiri kompresa za vyumba vya baridi zingurume.

Vaa nguo za mikono mirefu zilizotengenezwa kuhimili mlipuko wa umeme, ngao ya uso ya kazi hiyohiyo, na glovu za mpira za volti 1000 zikiwa ndani ya glovu za ngozi. Kizibao cha nailoni kivue, kinayeyukia mwilini. Saa na pete pia. Mkanda wa kamera usining'inie shingoni.

Mfuniko ni kazi ya watu wawili. Anzeni na skrubu za chini, mbili za juu ziwe za mwisho, mmoja akiwa ameushika. Uvuteni sawasawa kuja kwenu. Mfuniko ukiinama, kona yake inagusa fezi, yaani njia yenye umeme. Huku ziwani unyevu hushikisha skrubu kwa kutu. Iliyogoma usiilazimishe, maana ikiachia ghafla bisbisi inaishia ndani: zima umeme kwanza. Ukikuta mjusi mkavu au vumbi la wadudu wa ziwani, usipulize wala kufuta.

Piga picha ukiwa zaidi ya mita moja. Vikamera vya kuchomeka kwenye simu vina picha hafifu, na ndivyo vinavyowavuta mafundi pua hadi kwenye basiba. Shaba inayong'aa nayo inadanganya, kwani huakisi joto la mwili wako. Soma ganda la waya jirani na lagi. Linganisha fezi tatu zenye mzigo sawa. Moja ikizidi wenzake kwa nyuzi 15 za Selsiasi, panga kuzima haraka.

Usikaze ikiwa na umeme, hata nati moja. Zima, piga kofuli, jaribu tesita kwenye umeme unaoujua, pima paneli, kisha ijaribu tesita tena palepale. Waya uliobabuka kata, weka lagi mpya, kaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha mtengenezaji. Rudisheni mzigo mfuniko ukiwa bado nje, mkiwa na mavazi yaleyale, mpige picha ya pili joto likishatulia. Kisha zimeni tena ndipo mfunike.