Maswali ya Wasomaji: Keria, Tairi Kubwa na Mafuta Yanayopotea

SWALI: Gari langu dogo lilikuwa likinusa mafuta tu. Nilifunga keria na sanduku la mizigo juu ya paa kwa ajili ya safari moja, nikaviacha huko huko. Sasa tangi linaisha upesi hata sanduku likiwa tupu. Sanduku lenyewe ni jepesi, linakulaje mafuta?

JIBU: Uzito wake usikusumbue. Tazama umbo lake na mahali lilipokaa. Katika foleni, mafuta mengi huishia kwenye kuondoka, kusimama na kuondoka tena. Barabara kuu ni habari nyingine, maana huko kazi kubwa ya injini ni kuisukuma hewa, na ugumu wa hewa hupanda haraka kuliko mwendo. Ukitoka kilomita 90 kwa saa kwenda 110, mwendo umeongezeka kwa asilimia 22, lakini upinzani wa hewa umeongezeka kwa karibu nusu. Sasa hewa hiyo, ikishapanda kioo cha mbele, inapita juu ya paa kwa kasi, na hapo hapo ndipo ulipoweka sanduku. Inagonga pua yake, inachanika pembeni, na nyuma yake unabaki msukosuko unaolivuta gari kinyume.

Takwimu za serikali ya Marekani kwa madereva zinasema sanduku kubwa lenye pua butu hupunguza umbali unaokwenda kwa lita moja kwa asilimia 2 hadi 8 mjini, 6 hadi 17 barabara kuu, na 10 hadi 25 ukishikilia mwendo wa kilomita 105 hadi 120 kwa saa. Sanduku la kufungwa nyuma ya gari hupunguza asilimia 1 au 2 mjini, na 1 hadi 5 barabara kuu. Sababu ni kwamba nyuma linajificha kwenye kivuli cha gari lenyewe.

Kwa hiyo lishushe, na vyuma vya keria navyo vifungue. Wengi hutoa sanduku wakaacha vyuma, na vile vya pembe nne au vya duara ndivyo vibaya zaidi. Ule mluzi unaousikia juu ya kichwa ni hewa inayovurugwa. Kabla ya kulegeza bolti, bandika utepe kwenye paa kuonyesha kila mguu ulipokaa, na bolti zote uzitie kwenye mfuko mmoja pamoja na ufunguo wake. Kurudisha kutakuchukua dakika chache, nawe hutapata tena kisingizio cha kuviacha.

Upate uhakika kwa kupima. Jaza tangi hadi pampu ikate yenyewe, sufurisha kihesabu cha safari, endesha njia zako za kawaida, kisha jaza tena kwenye pampu ile ile hadi ikate. Lita gawanya kwa kilomita, zidisha kwa 100. Tuseme lita 42 kwa kilomita 560: ni lita 7.5 kwa kila kilomita 100. Rudia angalau kwa tangi tatu, maana tangi moja hudanganya: upepo, foleni na jinsi pampu ilivyokata vyote vinaingia humo. Upepo wa tairi uwe sawa kila mara.

SWALI: Naambiwa nishushe mlango wa nyuma wa pikapu ili hewa ipite. Ni kweli?

JIBU: Ufunge. Mlango ukiwa umefungwa, hewa iliyo ndani ya bodi hujizungusha mahali pamoja na kuwa kama mto, na ile inayotoka juu ya kabini huteleza juu yake. Ukiushusha, mto huo unavunjika na hewa inaporomoka ndani ya bodi. Kifuniko bapa kilichokazwa vizuri husaidia kidogo. Turubai linalopigapiga halisaidii.

SWALI: Nimeweka tairi kubwa kuliko za kiwandani na hesabu inaonyesha gari linakula sana. Kosa liko wapi?

JIBU: Sehemu ya hasara ni ya kweli: tairi kubwa ni nzito, na ikiwa pana inakamata hewa zaidi. Lakini sehemu nyingine iko kwenye hesabu. Kihesabu cha kilomita kinahesabu mizunguko, hakijui kwamba tairi imekua. Kama kipenyo kilikuwa sentimita 70 na sasa ni 73.5, kila mzunguko unakupeleka mbele asilimia 5 zaidi. Dashibodi ikisema 500, umekwenda 525. Sahihisha kilomita kwanza, ndipo ugawanye. Kipimo cha mwendo nacho kinasoma chini kwa kiasi hicho hicho, kwa hiyo unakimbia kuliko unavyodhani. Hilo ni la hatari kuliko mafuta.

SWALI: Na bendera za madirishani, ngao ya chuma mbele, spoila (lile bawa la nyuma ya gari)?

JIBU: Bendera inayopepea hukokota hewa kila sekunde, sherehe ikiisha, itoe. Ngao ya chuma inadhuru mara mbili: inaikabili hewa, na uzito wake unabebwa kila siku. Kila kilo 45 za ziada hupunguza umbali unaokwenda kwa lita moja kwa kama asilimia 1, na gari dogo ndilo linaloumia zaidi. Spoila refu la kusimama ni la kukandamiza gari chini, na kazi hiyo hulipiwa kwa mafuta. Ukingo mfupi uliowekwa na kiwanda mwisho wa paa uache.

Tena inama utazame chini ya injini. Ile plastiki pana hufunguliwa wakati wa kubadili oili, na mara nyingi hurudishwa na klipu mbili badala ya zote, au hairudishwi kabisa. Ikining'inia upande wa mbele, inachota hewa kama sepetu. Hesabu matundu yake, nunua klipu zilizopungua, na kaza ukingo wa mbele kwanza.