Muulize Mama Zamu: Kurasa arobaini za bure, mgonjwa mmoja kitandani

Shikamoo Mama Zamu. Mimi ni muuguzi. Baada ya miaka sita wodi ya wazazi nimehamishiwa idara ya dharura. Mwezi wa tatu huu, kila nikisikia king'ora tumbo linanikata. Wenzangu waliniambia mtandaoni kuna masomo ya bure tele. Kweli yapo: nimeacha kurasa arobaini wazi kwenye simu na sijamaliza hata mmoja. Kila anayefundisha anaongea kana kwamba sote ni madaktari bingwa. Nianzie wapi?
*Mgeni wa Dharura*

Marahaba mwanangu. Funga zote arobaini. Utazifungua tena moja moja, ukiwa na sababu.

Jina la harakati hizi za masomo ya bure lilizaliwa baa. Ilikuwa Dublin, mwaka 2012, wakati wa mkutano wa kimataifa wa tiba ya dharura. Mike Cadogan, daktari wa dharura kutoka Australia, alikuwa akitafuta neno la kuita elimu ya tiba iliyo wazi na isiyolipiwa, na mbele yake kulikuwa na glasi ya Guinness. Herufi za mwanzo za maneno yake ya Kiingereza zikatoa FOAM, yaani povu. Sijui kama alikusudia, lakini jina lilikaa: povu hufurika upesi, na ukilifumbata mkononi hubaki unyevu tu.

Kwa hiyo anza na kitabu, si povu. Kinaitwa Basic Emergency Care, kimetolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, na unakipakua bure. Kiliandikwa kwa ajili ya mtu kama wewe, anayempokea mgonjwa kabla ya bingwa kufika na ambaye kabati lake halina kila kitu. Kinakushika mkono kwenye ABCDE: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, ufahamu, kisha kumfunua mgonjwa umtazame mwili mzima. Halafu kinakupeleka kwa wagonjwa wa aina nne: majeruhi, anayepumua kwa shida, aliye kwenye shoku, yaani damu haifiki vizuri viungoni, na aliyebadilika fahamu. Kozi yenyewe hufundishwa ana kwa ana kwa siku tano, lakini hata kama hakuna anayeifundisha karibu nawe, kitabu pekee kitakutoa kwenye hofu ya king'ora. Kipe wiki sita.

Baada ya hapo, somo lako liwe mgonjwa wa jana. Tuseme jana alikuja mtu amevimba midomo, anakoroma, dakika chache baada ya kuchomwa sindano. Mkatoa adrenalini, na wewe ukabaki unajiuliza kwa nini pajani na si begani. Hilo ndilo swali la leo. Fungua tovuti ya WikEM, ambayo maelezo yake ni mafupi, usome mzio mkali: miligramu 0.5 kwa mtu mzima, ndani ya msuli, paja upande wa nje, kwa sababu hapo dawa huingia kwenye damu haraka. Dakika kumi zinatosha. Kesho akija mwenye moyo unaokwenda mbio, kuna maktaba ya ECG ya Life in the Fast Lane, tovuti ambayo huyohuyo Cadogan aliianzisha na Chris Nickson. Kwa michoro ya moyo sijaona ya bure inayoishinda. Watoto wana Don't Forget the Bubbles. Picha za eksirei na CT ziko Radiopaedia, iliyoanzishwa na Frank Gaillard mwaka 2005. Kitabu cha mtandaoni cha Josh Farkas kuhusu wagonjwa mahututi, kilichomo ndani ya tovuti ya EMCrit, ni kizuri mno, lakini kimeandikiwa ICU, yaani wodi ya mahututi, iliyojaa vifaa. Wewe kiache kwa sasa.

Ukishasoma, zima simu umweleze mwenzako wa zamu ulichosoma, kwa Kiswahili. Ukikwama ujue hujaelewa bado, umekariri Kiingereza tu. Mimi hukwama mpaka leo.

Nikuonye jambo moja, kwa sababu lilinikuta. Nilipokuwa mgeni kama wewe nilitazama video za kumpumulisha mgonjwa kwa ambu hadi nikazichoka. Rahisi kabisa: shika barakoa, binya mfuko. Siku ilipofika, nilibinya na kubinya, hewa ikavuja shavuni kwa mlio wa aibu, kifua cha mgonjwa kikabaki pale pale. Muuguzi mmoja mzee alininyang'anya barakoa bila neno, akaishika kwa mikono yake miwili, akavuta taya juu, akanipa mfuko peke yake: "Wewe binya tu." Kifua kikainuka. Nilikuwa nimeona watu wawili wakifanya hivyo kwenye video nikadhani ni mbwembwe. Basi ukitazama video ya kazi ya mikono, wiki hiyohiyo mwombe mtu akusimamie ukiifanya kwa mwanasesere wa mafunzo. Mambo ya kusoma, simu inatosha. Mambo ya kushika, haitoshi.

Mama Zamu, mimi ni tabibu. Nilisoma kwenye tovuti inayoheshimika kwamba mwenye sepsisi, yaani maambukizi yaliyozidi hadi viungo vinaanza kushindwa, na presha ya chini apewe maji ya mishipani mililita 30 kwa kila kilo, ndani ya saa tatu. Daktari wetu mkubwa akapunguza kasi ya dripu niliyoweka. Nilimwambia mbele ya wote kwamba anatumia elimu ya zamani. Tangu hapo hatusalimiani. Nani alikuwa sahihi?
*Tabibu Mkaidi*

Ndugu yangu, umejipa jina mwenyewe, mimi simo.

Ulichosoma kipo. Mwongozo wa kimataifa wa kutibu sepsisi, Surviving Sepsis, wa mwaka 2021 unapendekeza hizo mililita 30. Ila ungeteremka mistari michache ungeona waandishi wenyewe wamekiita pendekezo dhaifu, lenye ushahidi wa kiwango cha chini. Huko juu ya ukurasa namba imeandikwa kwa herufi nene, na udhaifu wake umewekwa chini kwa herufi ndogo. Ndivyo masomo haya yanavyotuponza.

Sasa soma majaribio haya mawili ya tiba. Yote unaweza kuyasoma bila kulipa. La kwanza ni FEAST, lililochapishwa mwaka 2011. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri viungoni, katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania zisizo na ICU, waligawanywa: wengine wakapewa maji mengi kwa haraka, wengine hawakupewa. Kila mtu alitarajia maji yaokoe. Ndani ya saa 48 walikufa asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi mawili yaliyopewa maji ya haraka, na asilimia 7.3 katika kundi lisilopewa. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake.

La pili ni la Zambia, mwaka 2017, watu wazima 209 wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na VVU. Waliotibiwa kwa utaratibu wa haraka wa maji, dawa za kupandisha presha na damu walikufa asilimia 48.1. Waliopata huduma ya kawaida, asilimia 33.0. Kundi la kwanza lilipata takriban lita 3.5 katika saa sita za mwanzo, la pili lita 2.

Usitoke hapo ukasema maji ni sumu. Hilo nalo litakuwa povu jingine. Mtu aliyeharisha siku tatu akakauka anahitaji maji, na mengi. Swali la kuuliza kila ukurasa ni hili: wagonjwa waliopimwa walikuwa nani, na waliozidiwa na maji kulikuwa na mashine ya kuwapumulisha? Mwongozo wa sepsisi ya watoto wa mwaka 2020 umelijibu waziwazi: mahali pasipo na ICU, mtoto ambaye presha yake haijashuka asipewe maji ya haraka.

Kwa hiyo bosi wako alikuwa na hoja, hata kama hakuieleza. Mpe mgonjwa maji kidogo kidogo kwa mujibu wa mwongozo wa hospitali yenu, na kila baada ya kiasi hicho rudi kitandani: anapumua mara ngapi, oksijeni imeshuka, kuna sauti za maji chini ya mapafu? Na nenda ukamwombe radhi kwa namna ulivyosema. Swali lenyewe usiliombee radhi. Mpelekee FEAST iliyochapwa, mnywe chai juu yake.

Shikamoo Mama. Niko ICU. Masomo ya ventileta, mashine ya kumpumulisha mgonjwa, mtandaoni yananichanganya, kila mmoja na namba zake. Nishike ipi kwanza?
*Zamu ya Usiku*

Marahaba. Shika hii: kila pumzi ya mashine iwe mililita 6 kwa kila kilo. Inatoka kwenye utafiti wa Marekani wa mwaka 2000, wagonjwa 861 wenye mapafu yaliyoumia vibaya: waliopewa pumzi ndogo ya mililita 6 walikufa asilimia 31, wa pumzi kubwa ya mililita 12 asilimia 39.8.

Wengi wanakosea kwenye hiyo kilo. Si uzito wa mizani, ni uzito unaokadiriwa kwa urefu, maana mtu akinenepa mapafu yake hayakui. Chukua futi kamba. Mwanamke: chukua urefu wake kwa sentimita, toa kwanza 152.4, zidisha kwa 0.91, kisha ujumlishe kwenye 45.5. Mwanamume anzia 50. Mama wa sentimita 160 anapata kilo 52 na ushei, hivyo pumzi yake ni kama mililita 310, hata kama mizani inasoma 95. Ukimpimia kwa mizani unampa 570, na unayapasua mapafu uliyokuja kuyaokoa.

Kwa kusoma zaidi, tovuti ya Open Critical Care ni nyepesi na inafikiria pia oksijeni yako itadumu saa ngapi. Deranged Physiology ya Alex Yartsev ni ya kuzama. Iliandikwa kwa wanaojiandaa na mitihani ya ubingwa, basi usiisome saa tisa usiku.

Mama, nimepata vyeti saba vya bure vya mtandaoni, kimojawapo cha kuweka mpira wa kupumulia kooni. Msimamizi wangu amekataa nisiweke. Je, anaruhusiwa?
*Mwenye Vyeti*

Anaruhusiwa, na mimi ningekataa pia. Cheti hicho kinasema ulisoma na ukajibu maswali. Hakuna aliyekuona ukiwa na koo la mtu mbele yako, matapishi yanapanda, oksijeni inashuka. Muulize anataka uweke mara ngapi kwa mwanasesere na mara ngapi chini ya jicho lake ndipo akuachie, uandike namba hiyo, na uanze kuhesabu. Vyeti saba vihifadhi. Ukiomba nafasi ya mafunzo vitaonyesha kwamba hulali mapema.