Ngumi imefumba, goti halinyooki

SWALI: Nahudumu katika makao ya wazee. Bibi mmoja alipata kiharusi miezi mitatu iliyopita, akapooza upande wa kulia. Sasa mkono wake umefumba ngumi na goti halinyooki sawasawa, ingawa kila asubuhi tunamnyoosha viungo. Tunakosea wapi?

JIBU: Swali letu ni hili: baada ya mazoezi anakaaje? Dakika 15 za kunyooshwa hazishindi saa 23 na ushei za goti lililokunjwa. Mara nyingi mchawi ni mto unaowekwa chini ya goti. Unampa raha, kweli, lakini misuli ya nyuma ya paja na kano zake huzoea mkunjo ule na kufupika. Uondoeni. Mkihofia kidonda cha kisigino, lazeni mto mrefu chini ya shavu lote la mguu, kisigino kibaki hewani. Kitini, miguu isining'inie. Nyayo zikanyage sakafu au kibao.

Kwa goti, shikeni juu na chini ya kiungo, nyoosheni polepole hadi panapokaza, mtulie sekunde 20 hadi 30. Mara 3 hadi 5, asubuhi na jioni. Mkiharakisha, misuli iliyopooza hukaza zaidi. Akikunja uso, acheni hapohapo.

Ngumi isifunguliwe kwa kuvuta ncha za vidole. Kunjeni kwanza kifundo cha mkono kwa ndani. Kano zitalegea na vidole vitaachia. Kisha fungueni gumba kuanzia shinani. Osheni kiganja, kausheni vizuri, kateni kucha, mweke kitambaa kilichoviringishwa kikakaza. Mpira laini wa kubinya hatuupendi: huchochea mkono kufumba. Na kamwe msimwinue kwa kuvuta mkono uliopooza, bega litateguka.

Kunyooshwa na mtu mwingine peke yake huzaa matunda haba. Mwacheni anawe uso mwenyewe, mkono mzima ukiongoza uliopooza, hata kama itachukua dakika 10 badala ya 2.

Goti likikubali mkienda taratibu, tatizo ni mkazo wa misuli. Likigota palepale kila siku, tishu zimeshafupika. Mwiteni mtaalamu wa fiziotherapia mapema apime na aamue kuhusu banzi, yaani kifaa kigumu cha kushikilia kiungo kikiwa kimenyooka. Banzi huanza kuvaliwa kwa muda mfupi. Kila likivuliwa kagueni ngozi: wekundu usiofifia ndani ya dakika 30 maana yake linabana, lisirudishwe mpaka lirekebishwe.