Video za kumvuta mdogo wako

Dada, pole sana. Umeuliza ni video gani zitamtoa mdogo wako kwenye zile za al-Shabaab anazokesha nazo. Mawaidha marefu achana nayo. Wangu nilimrundikia, hakufungua hata moja. Anza na filamu fupi *Watu Wote* ya 2017. Inatokana na basi lililovamiwa na al-Shabaab karibu na Mandera, Kenya, Desemba 2015, abiria Waislamu wakakataa kutenganishwa na wenzao Wakristo. Mmoja wa Waislamu hao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Usimtumie kiungo tu. Keti naye, mtazame kwa simu moja, kisha nyamaza. Wangu aliinamisha kichwa, akauliza, "Huyo mwalimu alikuwa na watoto?" Tukazungumza mpaka adhana ya alfajiri.