Barua kwa mwanangu daktari anayeshindana kwa baiskeli

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Moshi. Sisi hatujambo, na goti la baba yako limetulia tangu mvua zianze. Ujumbe wako nimeusoma, nikampa baba yako naye akausoma, kisha nikakaa nao kwanza, maana ulichouliza hakijibiki kwa mistari mitatu ya simu. Umesema utarajali wako unaelekea ukingoni, na kwamba tangu urudi kutoka Kigali kutazama mashindano ya dunia ya baiskeli akili yako haijatulia. Ukauliza: Mama, niombe nafasi ya kusoma ubingwa wa tiba moja kwa moja, au niipe baiskeli miaka miwili ya kweli, au niendelee kubeba yote mawili kama ninavyofanya sasa?

Nakujibu mapema ili usisome barua nzima roho ikiwa juu. Maliza utarajali. Kamilisha taratibu zote za Baraza la Madaktari Tanganyika, usajili kamili na leseni uvishike mkononi. Ukishavipata, ipe baiskeli misimu miwili, ubingwa usubiri. Njia ninayoikataa ni ile ya tatu, ya kuendelea hivi unavyoendelea.

Baba yako amekutajia ile methali ya mshika mawili. Mimi kwenye jambo lako siikubali. Wapo wanawake walioshika haya mawili na hayakuwaponyoka, na nitakueleza habari zao. Tatizo lako ni usingizi. Umeniandikia wiki yako mwenyewe huko Mwanza: usiku unakesha wodi ya wazazi, saa mbili asubuhi unakabidhi zamu, saa tatu uko barabara ya Musoma unaelekea Magu na kurudi, mchana unalala kidogo kwenye joto na kelele za majirani, jioni unarudi wodini. Umeandika kama mtu anayejivunia. Nilipoisoma mimi niliogopa.

Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote ya kazi, najua zamu ya usiku inavyomla mtu. Wewe fiziolojia umeisoma kuliko mimi, basi jiambie mwenyewe kile ambacho ungemwambia mgonjwa. Mlima hauujengi msuli. Unauchosha na kuuchanachana, na ujenzi unafanyika baadaye, ukiwa umekula na umelala usingizi mzito, wakati mwili unatoa homoni ya ukuaji kwa wingi. Ukiukosa huo usingizi, saa zako nne za Magu zinageuka uchovu mtupu. Unalipa gharama yote ya mazoezi halafu faida huichukui. Ndiyo maana umeniandikia kwamba tangu Juni unafanya mazoezi mengi zaidi na kasi haipandi. Hukosi bidii, mwanangu. Hulali.

Kuna na mgonjwa. Mama aliyeletwa saa nane usiku anatokwa damu baada ya kujifungua hajui kwamba daktari wake alipanda baiskeli kilomita mia moja na ishirini jana yake. Yeye anahitaji mtu anayeweza kuhesabu dozi bila kurudia mara mbili. Na kuna barabara yenyewe: malori ya Sirari, daladala, bodaboda zinazochomoka kushoto bila kutazama. Mtu aliyekesha huchelewa kushika breki. Kwa hiyo hata kabla hatujazungumza habari za ubingwa, naomba hili moja lianze leo: asubuhi ya kutoka zamu ya usiku, baiskeli haitoki nje. Lala kwanza.

Sasa nije kwa Kigali. Nilitazama kwenye televisheni tarehe 21 Septemba, siku ya kwanza, zile mbio za kupambana na saa, kila mmoja peke yake, kilomita 31.2 za milima. Mshindi alikuwa Marlen Reusser wa Uswisi. Ulikuwepo barabarani, ulimwona kwa macho yako, lakini kwenye ujumbe wako hukugusa habari ninayoiona kubwa kwako kuliko zote: Reusser ni daktari. Alisomea Chuo Kikuu cha Bern, akafanya kazi hospitalini upande wa upasuaji, na mashindano ya baiskeli aliyaanza mwaka 2017, akiwa na umri kama wako wa sasa. Baadaye aliiacha kazi ya hospitali ili aendeshe tu. Aliyemfuata kwa tofauti ya karibu sekunde 52 ni Anna van der Breggen wa Uholanzi, bingwa wa Olimpiki wa Rio 2016, na huyo alisomea uuguzi. Wa kwanza daktari, wa pili muuguzi, na juu ya ardhi yetu ya Afrika, mara ya kwanza mashindano hayo kuja huku. Sitaficha kwamba nilipiga vigelegele peke yangu sebuleni.

Lakini tazama mpangilio wa Reusser. Udaktari kwanza mpaka mwisho, halafu baiskeli kwa nguvu zote. Na hata hivyo haikuwa rahisi. Alipata medali ya fedha ya Olimpiki ya Tokyo, akapata medali za fedha za dunia mwaka 2020 na 2021, shaba 2022. Mwaka 2023 kule Glasgow aliteremka kwenye baiskeli katikati ya mbio kwa sababu akili ilikuwa imechoka. Mwaka 2024 alianguka vibaya mashindano ya Flanders, akavunjika taya, kisha ugonjwa ukamzuia kwenda Olimpiki ya Paris. Dhahabu ya dunia ameipata Kigali akiwa na miaka 34, siku moja baada ya siku yake ya kuzaliwa. Miaka minane tangu aanze! Nakwambia haya ili usije ukadhani misimu miwili itakufikisha alipo yeye. Misimu miwili itakuonyesha kama njia ipo.

Wewe unaogopa kuchelewa. Kwa mchezo huu na kwa wanawake, hofu hiyo ipunguze. Annemiek van Vleuten alishinda Tour de France ya wanawake mwaka 2022 akiwa na miaka 39. Kwenye mbio ndefu za Kigali, zile alizoshinda Magdeleine Vallieres wa Kanada, wa tatu alikuwa Mavi García wa Hispania, miaka 41. Kristin Armstrong wa Marekani alichukua dhahabu yake ya tatu ya Olimpiki pale Rio akiwa amebakiza siku moja kutimiza 43, na miaka hiyo alikuwa mfanyakazi wa hospitali huko Boise. Utaniambia, basi mbona yeye aliweza vyote viwili? Kazi yake ilikuwa ya afya ya jamii. Hakuwa na zamu za usiku za wodini kama zako.

Utauliza tena: kama miaka ipo, kwa nini nisisome ubingwa kwanza? Kwa sababu ubingwa ni miaka mitatu au zaidi ya zamu nzito kuliko hizi. Utatoka humo na miaka thelathini, mwili umesahau mashindano, na kazi ya kuanzia chini kabisa iko mbele yako bado. Reusser alianzia Uswisi, ambako kila wikiendi ya msimu kuna mbio. Wewe unaanzia Mwanza. Kanda ya Ziwa ina wanawake wenye nguvu za ajabu na mbio za wanawake zimekuwepo miaka mingi, lakini utahitaji muda wa kutoka nje, Rwanda na kwingineko, ili ujifunze kukaa ndani ya kundi kubwa bila woga. Hilo halifundishiki ukiwa peke yako kwenye barabara ya Magu. Ulizia kupitia chama cha baiskeli cha taifa habari za kituo cha dunia cha UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, kule Aigle, Uswisi, ambacho hupokea wanamichezo wa nchi zisizo na timu kubwa. Na mkumbuke Kimberley Le Court wa Morisi, ambaye Aprili 2025 alishinda mbio kubwa za Ubelgiji za Liège–Bastogne–Liège, kisha Julai akavaa jezi ya njano ya anayeongoza kwenye Tour de France ya wanawake. Kisiwa kidogo vile.

Upande wa fedha sitakupamba maneno. Timu za daraja la juu la wanawake ziliwekewa mshahara wa chini mwaka 2020 tu, euro 15,000 kwa mwaka, ukapanda hadi 27,500 mwaka 2022. Kabla ya hapo wanawake wengi waliendesha bila kulipwa kitu, na leo kwenye timu ndogo za mabara, ambako wewe ungeanzia, hakuna kima cha chini kinachomlazimisha mtu kukulipa. Na wewe una deni la Bodi ya Mikopo, ambayo humkata aliyeajiriwa asilimia 15 ya mshahara. Deni hilo lilipwe hata mwaka ambao hukuajiriwa. Ndiyo sababu nimesema leseni kwanza. Ukiwa na leseni unaweza kupata zamu za mchana Ijumaa na Jumamosi kwenye kituo cha afya cha binafsi, ukala, ukalipa deni, ukanunua matairi, na mkono wako usisahau kazi. Mafunzo endelevu uyafanye yote, ili siku ya kurudi usikute leseni imelala.

Na utarudi. Bridie O'Donnell wa Australia alikuwa daktari, akaenda Ulaya kushindana kama mtaalamu, na Januari 2016, akiwa amevuka miaka 40, aliendesha kilomita 46.882 ndani ya saa moja pale Adelaide, rekodi ya dunia ya wanawake kwa wakati huo. Mwezi uliofuata Evelyn Stevens akaivunja. O'Donnell alikuwa na taaluma nyuma yake. Eric Heiden, mwanamume, alikwenda kwa mpangilio mwingine: dhahabu tano za kuteleza kwenye barafu mwaka 1980, Tour de France 1986, ndipo akamaliza udaktari Stanford na kuwa mpasuaji wa mifupa. Mpangilio unaweza kubadilika. Ninachokiona kwa wote hawa ni kwamba kila kipindi kilikuwa na kitu kimoja kinachotangulia.

Mambo mawili ya mwili, nayasema kama muuguzi na kama mama. Ulinigusia kwamba hedhi imekuwa ikiruka miezi. Usiichukulie kama nafuu. Mwanamke anayetumia nguvu nyingi kuliko chakula anachokula, mwili huanza kufunga milango: hedhi, mifupa, kinga. Na baiskeli haiukandamizi mfupa kama kukimbia, kwa hiyo mifupa ya waendeshaji hudhoofika bila kuonekana. Kula. Kula na asubuhi ya kutoka zamu hata kama tumbo limegoma, uji wa ulezi wenye maziwa unapita hata koo likiwa limechoka.

La pili ni dawa. Wewe unashinda karibu na kabati la dawa kuliko mshindani yeyote utakayekutana naye. Tramadol, ile dawa ya maumivu unayomwandikia mgonjwa, imekatazwa na UCI kwenye mashindano tangu 2019, na duniani kote kwa michezo mingine tangu Januari 2024. Sindano za steroidi nazo zimekatazwa siku za mashindano. Ukiumwa, akutibu daktari mwingine, aandike, na karatasi zote uzitunze. Jina lako la udaktari na jina lako la mchezo ni jina moja.

Maneno ya watu yatakuwepo. Shangazi yako ameshaniuliza kama tulikusomesha udaktari ili ukapande baiskeli. Nimemjibu kwamba tulikusomesha uwe daktari, na daktari umekuwa. Baba yako ana wasiwasi zaidi wa ajali kuliko wa maneno, na anataka ahadi ya kofia ngumu na taa ya nyuma hata mchana.

Ninachoweza kukupa ni nyumba. Ukimaliza Mwanza, njoo ukae hapa hiyo misimu miwili. Kutoka mjini hadi geti la Marangu unapanda karibu mita 1,000, na barabara ina lami yote. Hutalipa pango, chakula kipo, na vituo vya afya vya binafsi hapa mjini huwa vinatafuta daktari wa mchana. Mwisho wa msimu wa pili tutakaa watatu, tutazame matokeo yako na mwili wako, ndipo uamue kuendelea au kuomba ubingwa. Mimi sitakusukuma upande wowote siku hiyo.

Kabla ya yote, wiki hii kapime damu, na ferritin, kipimo cha akiba ya chuma, iwemo, unitumie majibu. Unitumie pia ratiba yako ya zamu za mwezi ujao, nataka kuona umeweka wapi siku za kulala.

Mama yako