Anza na kabati la mafaili

Mdogo wangu, umemaliza chuo na umepata nafasi ya afisa rasilimali watu msaidizi. Hongera. Huenda ulitegemea kufanya usaili na kukaa vikao na wakurugenzi, lakini wiki ya kwanza utakabidhiwa ufunguo wa kabati la mafaili. Usinung'unike. Kazi yenyewe imo humo.

Mimi nilianzia kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere. Siku naandaa orodha ya michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, jina la dada mmoja wa kitengo cha kufungasha niliandika nilivyolisikia, nikaacha herufi moja iliyomo kwenye kitambulisho chake cha taifa cha NIDA. Hakuna aliyegundua. Alipojifungua akaenda kudai fao la uzazi, akarudishwa. Alikuja ofisini na mtoto mchanga kifuani, amepanda daladala mbili kutoka Mbagala, fomu ameikunja mara nne mkononi. Tulirekebisha, ila zile wiki alizozunguka ni mimi niliyemzungusha. Tangu hapo siandiki jina la mtu bila kitambulisho mezani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 isome mwenyewe, usisubiri kusimuliwa. Likizo ya mwaka ni siku 28, ya uzazi 84, na 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Watu watakuuliza haya koridoni, na ukibabaika mara mbili hawatarudi kwako.

Pagumu ni kuachisha mtu kazi. Meneja ataingia amefura: "Huyu mwandikie barua, leo atoke!" Hata kama mtu ameiba kweli, sheria inataka sababu halali na utaratibu wa haki, vyote viwili. Mpe tuhuma kwa maandishi, mpe angalau saa 48 za kujiandaa, aje kwenye kikao na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na muhtasari uandikwe. Akiachishwa, ana siku 30 za kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko wataulizia karatasi hizo hizo.

Meneja usibishane naye mbele za watu. Mimi husema, "Sawa bosi, nipe siku mbili niandae kikao." Zaidi ya mara moja, siku ya pili bosi mwenyewe ameniita akasema barua ya onyo inatosha.