Maswali na majibu: kazi ya ubunifu inayomfaa mtu

Nachora na kuandika kidogo, na nataka kazi zangu ziwasaidie watu. Nianzie wapi?

Anza na mtu mmoja, achana na "jamii". Kabla hujashika kalamu, jaza sentensi hii: nani, akiwa katika hali gani, aweze kufanya nini. Mfano: mzazi aliyempakata mtoto mwenye homa, saa nane usiku, taa hafifu, ajue kipimo cha dawa. Hapo mengi yameshaamuliwa: herufi kubwa, maneno machache, ukurasa mmoja usiohitaji kukunjuliwa kwa mikono miwili. Ukiandika "kuelimisha umma" hujaamua lolote, na ndiyo maana kazi nyingi za nia njema hupendeza machoni zikashindwa mkononi.

Nikiwafikiria watumiaji mno, si nitaua ubunifu wangu?

Tazama maandishi ya nukta nundu, yale ambayo wasioona huyasoma kwa vidole. Charles Barbier alibuni alama za kupapasa zenye nukta hadi 12. Zilikuwa ndefu kuliko ncha ya kidole, hivyo msomaji alilazimika kupandisha na kushusha kidole ili amalize alama moja. Louis Braille, kijana asiyeona, alizipunguza hadi 6. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, mfumo wake ulikuwa umekamilika kwa sehemu kubwa. Nukta 6 hutoa mipangilio 63, inayotosha herufi, vituo na zaidi. Upana wa kidole ndio uliomwongoza. Kwa maoni yetu, huo ni ubunifu mkubwa kuliko mapambo yoyote.

Marafiki wote wanasifu rasimu zangu. Nitajuaje kama zinafaa kweli?

Marafiki wanakusifu wewe. Tafuta watu 5 wanaofanana na yule wa kwenye sentensi yako, uwaone mmoja mmoja. Mpe rasimu pamoja na jambo la kufanya: "Nionyeshe utapima dawa kiasi gani." Kisha nyamaza. Hapa ndipo wengi huharibu: mtu akisita, msanii huharakisha kumweleza, na maelezo hayo hayatakuwepo kazi ikishatoka.

Andika aliposita, aliporudia kusoma, alipokosea. Wawili wakikwama palepale, rekebisha. Mmoja tu akikwama, weka alama na usubiri, isipokuwa kosa lenyewe linaweza kumdhuru mtu. Hilo lirekebishe siku hiyohiyo. Usiulize "Umeipenda?" Mwambie akueleze alichoelewa kwa maneno yake.

Nenda na rasimu ya penseli. Iliyong'arishwa watu huona haya kuikosoa, nawe utaona uchungu kuikata.

Bango langu halisomeki kwa mbali. Nibadilishe rangi?

Lipige picha, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Maneno yakififia, yanakaribiana mno na mandhari kwa mwanga, hata kama rangi ni tofauti. Usitegemee nyekundu na kijani peke yake kutofautisha mambo. Wapo wasioweza kuzitenganisha.

Kwa kuwa nataka kutumikia, nakubali kila ombi na nimechoka. Nifanyeje?

Kabla ya kuanza, andikianeni mambo matatu: tarehe ya kumaliza, marekebisho yasiyozidi mara 2, na mtu 1 mwenye neno la mwisho. Hilo la tatu ndilo hupuuzwa. Kamati ya watu sita italeta matakwa sita, na yule mzazi wa saa nane usiku hatakuwa na wa kumsemea.